Mahindi Hayana Mpini: Uchambuzi wa Kisa cha Sumukuvu Ukambani, 2004

Mwaka 2004 hospitali za mashariki mwa Kenya zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano kwa wingi usio wa kawaida. Walitapika, tumbo liliwauma, kisha ini likashindwa kazi. Hadi tarehe 20 Julai waliohesabiwa walikuwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Katika kila wagonjwa watano, karibu wawili hawakupona. Wengi walitoka Makueni na Kitui, wilaya za Ukambani ambako ukame si habari mpya. Kilichowaua kilikuwa chakula chao cha kila siku: mahindi yenye sumu ya kuvu.

Masomo mengi ya afya ya umma huanzia London mwaka 1854, kwa daktari John Snow na pampu ya maji ya Broad Street. Kipindupindu kilikuwa kikiua watu mtaani. Snow akaonyesha kwamba vifo vimeizunguka pampu moja, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo ukang'olewa. Kisa kinapendeza kwa sababu kina chanzo kimoja na kitendo kimoja. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, hata hivyo, naona kinadanganya kidogo. Kinamfanya aamini kwamba chanzo kikishajulikana kazi imekwisha. Kule Ukambani chanzo kilijulikana baada ya wiki chache tu. Lakini mahindi hayana mpini wa kung'oa, na hapo ndipo fani zote za afya ya umma zililazimika kuingia kazini. Baadhi yake zilifanya kazi vizuri kuliko nyingine.

Kuhesabu kabla ya kutibu

Daktari wa wodini humwona mgonjwa mmoja na kujiuliza amtibu vipi. Mwanaepidemiolojia huangalia rejista na kujiuliza maswali mengine: hawa ni wangapi, wametoka wapi, walianza kuugua lini, na mwaka jana wakati kama huu walikuwa wangapi? Swali la mwisho ndilo msingi wa yote. Pasipo hesabu ya kawaida, hakuna anayeweza kusema kwamba hesabu ya leo si ya kawaida. Ufuatiliaji wa magonjwa, kazi ile ya kujaza fomu ambayo kila mhudumu huilalamikia, una thamani yake siku kama hizo.

Hatua iliyofuata haina mvuto kwa mtu wa nje, lakini makosa mengi huzaliwa hapo. Ni lazima kuamua nani ahesabiwe kuwa mgonjwa. Macho ya manjano ni dalili, na dalili hiyo ina mabwana wengi: homa ya ini ya virusi, homa ya manjano, mawe ya nyongo, pombe, dawa fulani za mitishamba. Fasili ikiwa pana mno, utawaingiza walevi wa miaka ishirini na chanzo halisi kitafichika ndani ya kundi kubwa. Ikiwa nyembamba mno, utawaacha nje waliougua kidogo na kudhani tatizo ni dogo. Uchunguzi wa 2004 uliwalenga watu waliopata manjano ya ghafla bila sababu nyingine inayojulikana. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ila tukumbuke una gharama yake. Aliyefia nyumbani bila kufika hospitali hayumo katika wale 317.

Kisha wagonjwa wakapangwa kwa mtu, mahali na wakati. Ikaonekana kwamba nyumba moja ilitoa zaidi ya mgonjwa mmoja. Watu wa nyumba moja wakiugua pamoja, ama wameambukizana ama wamekula chungu kimoja. Dalili zenyewe pamoja na namna vifo vilivyojikusanya zilielekeza kwenye sumu. Kulikuwa na kumbukumbu pia. Mwaka 1981, huko Machakos, watu 20 waliugua namna hiyohiyo na 12 wakafa, na mahindi ya nyumbani mwao yalikutwa na sumu. Kabla ya hapo, mwaka 1974, vijiji vya magharibi mwa India vilipoteza watu zaidi ya 100. Mtaalamu anayejua historia ya eneo lake huanza mbio akiwa mbele kwa hatua kadhaa.

Maabara inasema nini, na haisemi nini

Sumu yenyewe huitwa aflatoksini. Tanzania neno sumukuvu limeshika vizuri, nami nalipenda kwa sababu linajieleza: ni sumu itokanayo na kuvu. Watengenezaji wake wakuu ni kuvu wawili, Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, wanaoishi udongoni na kuhamia kwenye mahindi, karanga na mazao mengine. Ulimwengu wa sayansi uliijua sumu hii kupitia ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu.

Sampuli za mahindi kutoka eneo lililoathirika zilipopimwa, baadhi zilifika sehemu 4,400 kwa bilioni. Kipimo hicho ni sawa na mikrogramu 4,400 katika kilo moja. Kikomo cha Kenya wakati huo kilikuwa 20. Mahindi hayo yalikuwa na sumu mara 220 ya kiasi kilichoruhusiwa, na hayakuwa yametoka katika jaa la taka. Yalikuwa chakula cha watu.

Mambo mawili kuhusu sumu hii huwapotosha watu. La kwanza, moto wa jikoni hauimalizi. Kuchemsha githeri kwa saa tatu kutaua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa itabaki. La pili, jicho haliioni. Kuvu ya kijani kwenye punje ni onyo la kweli, lakini punje safi kwa kutazama inaweza kuwa na sumu, na gunia moja linaweza kuwa salama juu na kuwa hatari kona ya chini. Ndiyo maana sampuli moja ya kiganja kutoka gunia moja haisemi mengi, na mkaguzi anayechota juu tu anajidanganya yeye na sisi.

Hata hivyo, kukuta sumu katika mahindi hakutoshi kusema kwamba mahindi hayo ndiyo yaliyomuua fulani. Hili wanafunzi hulipita haraka. Kama mahindi ya wilaya nzima yana sumu, utayakuta kwa mgonjwa na kwa mzima pia. Pengo hilo huzibwa na kipimo cha damu. Aflatoksini aina ya B1 ikifika kwenye ini hubadilishwa, na sehemu yake hujibandika kwenye albumini, protini inayozunguka katika damu kwa wiki kadhaa. Ukipima alama hiyo huhitaji kumuuliza mtu alikula nini mwezi uliopita, kwani damu imetunza kumbukumbu. Katika uchunguzi huu, kiwango cha alama hiyo kilihusiana na muda uliopita kati ya kuanza kwa manjano na kifo. Hapo sumu ilikuwa imefuatwa kutoka kwenye gunia hadi ndani ya mwili.

Wagonjwa 40, wazima 80

Swali kubwa lilibaki. Karibu kila mtu Ukambani anakula mahindi, basi kwa nini huyu afe na jirani yake asife? Njia ya kulijibu ni kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Wachunguzi waliwachukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakawauliza maswali yaleyale, wakapima mahindi yao na damu zao.

Mahindi katika nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354.53 kwa bilioni, na katika nyumba za wasiougua 44.14. Huu ni wastani wa kijiometria. Hutumika panapokuwa na sampuli chache zenye maelfu, kwa sababu wastani wa kawaida ungevutwa na hizo chache kama mzani uliowekewa jiwe. Nyumba za wagonjwa zilikuwa na sumu mara nane ya nyingine, na hicho ndicho hunukuliwa kila mahali. Mimi hubaki nikiitazama ile namba ndogo. Arobaini na nne ni zaidi ya mara mbili ya kikomo cha 20. Watu waliowekwa katika kundi la wazima, wale waliotumika kama kipimo cha hali ya kawaida, nao walikuwa wanakula mahindi ambayo sheria isingeruhusu yauzwe.

Kisha likaja jambo la uhifadhi. Wagonjwa walikuwa wameweka mahindi mabichi, yasiyokauka, mara nyingi zaidi ya wenzao, na uwiano wake ulikuwa 3.5. Walikuwa pia wameyaweka ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani, na hapo uwiano ulifika 12.0. Kwa lugha nyepesi, ukichukua idadi ya wagonjwa walioweka ndani uigawanye kwa idadi ya wagonjwa wasioweka ndani, kisha ufanye vivyo hivyo kwa wasiougua, jibu la kwanza ni mara kumi na mbili ya jibu la pili.

Mwanatakwimu mzuri haishii hapo. Pembeni ya ile 12.0 kuna mipaka miwili, 1.5 na 95.7, na maana yake ni kwamba data hizi zinaafikiana na uhusiano mdogo tu na pia na uhusiano wa kutisha. Upana huo unatokana na uchache wa watu, kwani wagonjwa 40 si wengi. Nimewahi kuona namba hii ikinukuliwa bila mipaka yake, kana kwamba ni kipimo cha urefu wa meza. Lakini usiende upande wa pili ukaitupa, maana hata mpaka wa chini uko juu ya moja, na moja ndiyo ingemaanisha hakuna tofauti. Pia inaungana na ile 3.5, na vilevile na kile tunachojua kuhusu kuvu yenyewe. Takwimu huonyesha ukubwa wa uhusiano na ukubwa wa shaka kwa pamoja, na katika afya ya umma mara nyingi inabidi uamue na shaka hiyo ikiwa bado mezani. Kusubiri wagonjwa 400 ili mipaka ijibane kungemaanisha kusubiri vifo.

Jingine lililojitokeza ni homa ya ini aina ya B. Wagonjwa walikutwa na alama ya virusi hivyo mara nyingi kuliko wasiougua, kwa uwiano wa 9.8 na mipaka kutoka 1.5 hadi 63.1. Msomaji makini ataruka hapo na kuuliza: je, hao hawakuugua virusi tu, mahindi yakasingiziwa? Swali ni zuri. Lakini kama virusi peke yake vingekuwa chanzo, kusingekuwa na sababu ya mahindi ya nyumba zao kuwa na sumu mara nane, wala ya ugonjwa kuwafuata walioweka mahindi mabichi chumbani. Maelezo yanayosimama vizuri zaidi ni kwamba ini lililokwisha kujeruhiwa na virusi halina nguvu ya kuikabili sumu. Mzigo mmoja unaongezwa juu ya mwingine. Tunajua pia kwamba viwili hivi vikikutana kwa miaka mingi, hatari ya saratani ya ini hupanda kuliko kila kimoja kinavyoweza kuipandisha kikiwa peke yake. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo watu wazima waliougua 2004 walizaliwa mapema mno kuipata. Chanjo ya mtoto ni kinga dhidi ya virusi, na kwa mlango wa nyuma ni kinga dhidi ya mahindi mabovu pia.

Kwa nini mahindi yalilala chumbani

Hadi hapa tuna mwanaepidemiolojia, mtu wa maabara na mwanatakwimu, na wote wametufikisha kwenye mlango wa chumba cha kulala. Kuuvuka mlango huo kunahitaji watu wengine.

Mtu wa afya ya mazingira ataanza na mvua. Mahindi yaliyohusika yalivunwa yapata Februari, na mvua zikaja mapema wakati yalipopaswa kukaukia juani. Kabla ya hapo ukame ulikuwa umeshaidhoofisha mimea, na mmea uliodhoofika kwa kiu huingiliwa na kuvu kwa urahisi ukiwa bado shambani. Mahindi ya kuhifadhiwa yanatakiwa yabaki na unyevu usiozidi karibu asilimia 13. Yakizidi hapo, kisha yakarundikwa mahali penye joto pasipopitisha hewa, kuvu hupata makao mazuri. Ghala la kijiji lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye kuta zinazopitisha upepo, lilijengwa na watu waliolijua hilo kabla ya maabara kuzaliwa. Nyumba ndogo yenye bati na dirisha moja ni kinyume chake kabisa.

Basi kwa nini watu waliacha ghala? Mavuno yalikuwa duni, njaa ilikuwa karibu, na mahindi yaliyoko nje huibwa. Mwenye magunia matatu ya kumfikisha msimu ujao hayaachi uani usiku, huyalalia.

Somo la tabia na jamii linapofundishwa vibaya huishia kwenye neno moja: elimu. Wananchi hawajui, tuwaelimishe. Linabandikwa bango la kuwaambia watu wakaushe mahindi, linapigwa picha, na ripoti inafungwa. Lakini mkulima wa Kitui amekausha mahindi tangu utotoni. Anajua kwamba mahindi mabichi huoza. Mwaka ule alikuwa na hatari mbili mbele yake. Mwizi alikuwa jambo la hakika, la usiku huohuo. Sumu, hata kwa aliyewahi kuisikia, ilikuwa jambo la huenda, tena la wiki zijazo, na haina rangi wala harufu ya kuaminika. Alichagua kama ambavyo mimi na wewe tungechagua. Ukiuita uchaguzi huo ujinga, utaandaa semina. Ukiuona kuwa hesabu ya mtu mwenye njaa, utaanza kufikiria ghala la pamoja lenye mlinzi, au mashine ya kukaushia inayozungushwa kijiji hadi kijiji, au kununua mavuno mapema kabla mvua haijayakuta. Namna unavyolieleza tatizo huamua fedha zitakwenda wapi.

Sokoni, na mezani pa serikali

Huenda mtu akafariji nafsi yake: tatizo ni la wanaokula mazao yao wenyewe, anayenunua yuko salama. Uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo uliivunja faraja hiyo. Zilichukuliwa sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka kwa wauzaji 243 katika masoko 65. Asilimia 55 zilipita kikomo cha 20. Asilimia 35 zilipita 100, na asilimia 7 zilipita 1,000. Masoko ya Makueni, wilaya yenye wagonjwa wengi kuliko zote, yalikuwa na wastani wa 52.91, na ya Thika 7.52. Mahindi yaliyotoka mashamba ya eneo hilo yalikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupita kikomo kuliko yaliyoletwa kutoka sehemu nyingine za Kenya au nje ya nchi. Yalitoka chumbani mwa mkulima aliyehitaji ada ya shule, yakaingia kwa mchuuzi, yakachanganywa na mengine, na kuanzia hapo hakuna aliyejua gunia lipi ni la nani.

Sasa zamu ya watunga sera na wasimamizi. Serikali ya Kenya iliwaonya watu wasile mahindi yenye mashaka, ikapeleka mahindi mbadala katika wilaya zilizoathirika zaidi, na ikakagua vyakula sokoni. Utaratibu wa mambo hayo matatu si jambo dogo. Onyo likitangulia chakula kwa wiki mbili, umemwambia mtu achague kati ya kufa kwa sumu na kushinda njaa, naye atakula. Ukimnyang'anya gunia kabla hujamletea lingine, kesho ataficha, na mgonjwa atafichwa pamoja na gunia. Maadili ya afya ya umma yana swali gumu hapa. Tuna haki gani ya kuchukua mali ya mtu kwa faida yake mwenyewe? Jibu langu ni kwamba haki hiyo ipo, na inaanza pale mbadala unapokuwa umeshashushwa kwenye lori.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa, na bado upo, katika umbo la sheria yenyewe. Baadaye Kenya ilishusha kikomo kutoka 20 hadi 10, na hiyo ni hatua nzuri kwa unga wa pakiti. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilizuia bidhaa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hoja hiyohiyo, na baada ya siku chache za malalamiko ikalegeza kwa masharti. Sheria ina meno inapokutana na kiwanda au mpaka. Lakini mahindi yaliyoua 2004 hayakupita kiwandani wala mpakani. Yalitoka shambani yakaingia chumbani, yakapelekwa kusagwa kwenye kinu cha kijiji na mtoto mwenye debe kichwani, yakawa ugali. Hakuna mkaguzi katika njia hiyo. Ungeshusha kikomo hadi sifuri, debe lile lisingejua.

Yaliyofuata

Mwaka 2005 wagonjwa walionekana tena katika eneo hilo, na 2006 vilevile. Wakati huo jina la sumu lilijulikana, njia yake ilijulikana, na makala za kitaalamu zilikuwa zimechapishwa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania ya kati, Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafa. Mahindi tena.

Yapo yaliyofanyika. Tangu 2015 wakulima wa Kenya wana dawa ya kibayolojia iliyosajiliwa, Aflasafe KE01, inayomwagwa shambani wiki chache kabla ya mahindi kutoa maua. Ndani yake kuna aina za Aspergillus flavus zisizotengeneza sumu, nazo huwahi nafasi na kuwasukuma nje ndugu zao wenye sumu. Wazo hilo nalipenda, maana linaanza kazi kabla mwizi, mvua na njaa havijaingia katika hesabu. Kuna pia mifuko isiyopitisha hewa, inayozuia wadudu na kuvu. Nayo ina sharti ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini: mahindi lazima yawe yamekauka kabla ya kufungwa. Mfuko hauyakaushi.

Kisha kuna wale ambao hesabu haijawagusa. Kisa cha 2004 kilionekana kwa sababu dozi ilikuwa kubwa na vifo vikaja pamoja. Yule mwenye 44 nyumbani mwake hakuonekana. Hakuugua mwaka huo, hakulazwa, hakuwekwa katika jedwali isipokuwa kama mfano wa mtu asiyeugua. Sumu ya kiasi hicho, ikiliwa miaka ishirini, hujilipa kwa saratani ya ini, na saratani hiyo humkuta mtu mmojammoja, mwaka huu huyu na mwaka kesho yule, bila kufanya mlipuko. Ufuatiliaji uliojengwa kukamata milipuko hauna jicho la kuiona. Unahitaji rejista za saratani, vipimo vya damu vya mara kwa mara kwa watu wasiougua, na vipimo vya mahindi katika miaka ambayo hakuna habari.

Maafisa ugani wana kipimo kimoja kisichohitaji umeme. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, unatia chumvi iliyokauka kiasi, unaongeza mahindi, unatikisa kwa dakika chache na kuacha yatulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, hayafai kuhifadhiwa. Ikianguka chini, yamekaribia kukauka. Mkulima wa Makueni anaweza kukifanya mwenyewe barazani, Februari, mvua ikinyesha juu ya bati. Akiona chumvi imeganda kwenye kioo, atajua alichokuwa ameshakijua kwa vidole vyake. Atakachohitaji wakati huo ni pa kuyaanika, na mtu wa kuyalinda usiku.